Wikendi ya Antena na Betri Kilimani Connecticut

Aliyenipeleka Connecticut, jimbo dogo la kaskazini-mashariki mwa Marekani, ni mpwa wangu. Anaishi Hartford, kazi yake ni umeme wa majengo, na kwa muda mrefu alikuwa akinisimulia kwenye simu habari za klabu yake ya redio ya ridhaa. Hawa ni watu wenye leseni ya serikali ya kurusha mawimbi, hawalipwi hata senti, na kila Juni hubeba mitambo yao hadi uwanjani wakashindana kuzungumza na nchi nzima bila kugusa umeme wa gridi. “Mjomba, njoo uone mwenyewe,” aliniambia. “Haya mambo hayasimuliki.” Nikapanga safari ikutane na wikendi kamili ya nne ya Juni, ambayo kila mwaka ndiyo ya shughuli hiyo. Wenyewe huiita Field Day, na imekuwa ikifanyika tangu 1933.

Kabla ya kwenda uwanjani alinipandisha treni ya kaskazini, kutoka Hartford kwenda Springfield katika jimbo jirani la Massachusetts. Ni mwendo wa kilomita 40 hivi, na sehemu kubwa ya njia reli haiachani sana na Mto Connecticut. Katikati ya safari kuna kituo kidogo kiitwacho Windsor Locks, na hapo mpwa wangu alinigusa bega. Aprili 1914 mhandisi mmoja wa Hartford, Hiram Percy Maxim, alitaka kumfikishia ujumbe mtu wa redio aliyekuwa Springfield. Mtambo wake ulikuwa mzuri, lakini mawimbi hayakufika. Akakumbuka kwamba Windsor Locks kuna mwenzake mwenye mtambo. Akampa yeye ule ujumbe, naye akaupokeza mbele. Mwaka huohuo Maxim na kijana Clarence Tuska wakaanzisha American Radio Relay League, ambacho hadi leo ndicho chama cha taifa cha redio ya ridhaa nchini Marekani. Nilitazama dirishani nikaona mto, mfereji wa zamani, miti na abiria wachache. Mahali pa kawaida kabisa, lakini hapo ndipo lilipozaliwa wazo lililonivusha bahari: sauti yako ikiishia njiani, mwenzako aichukue aifikishe.

Tuliporudi tulishuka kusini hadi mji wa Newington, yaliko makao makuu ya chama hicho. Kando ya barabara ya Main Street kuna jengo dogo la matofali lililozinduliwa 1938 kwa kumbukumbu ya Maxim, aliyefariki miaka miwili kabla. Humo ndimo kilimo kituo cha W1AW. Kila mrushaji duniani hupewa na serikali yake alama ya wito, mchanganyiko wa herufi na tarakimu unaomtambulisha hewani, na W1AW ilikuwa ya Maxim mwenyewe. Nyuma ya jengo imesimama minara ya antena. Ndani kuna vyumba ambamo mgeni mwenye leseni anaweza kuketi na kurusha. Siku za kazi kituo hurusha mazoezi ya msimbo wa Morse kwa ratiba, kuanzia mwendo wa maneno matano kwa dakika, ili yeyote aliye nyumbani kwake na redio ajifunze bila ada.

Nilisimama mbele ya jina la Maxim nikiwa na jambo zito moyoni. Baba yake, Hiram Stevens Maxim, ndiye aliyebuni bunduki ya mashine ya Maxim mnamo 1884. Wazee wetu waliijua silaha ya namna hiyo kwa jina la bombomu. Wakoloni walikuja nayo Afrika Mashariki, na Mahenge, katika Tanzania ya leo, Agosti 1905, bunduki za mashine ziliwafyeka wapiganaji wa Majimaji waliokuwa wakiikabili ngome ya Wajerumani. Mtoto naye alianzia kwenye bunduki, maana kabla ya redio alijulikana kwa kubuni kifaa cha kuzima mlio wake. Kisha akatoa miaka yake kwa kazi ya kuwawezesha watu wasiojuana wasikilizane. Sikuona kwamba moja linafuta lingine. Damu ya Mahenge haifutiki kwa chama cha redio. Lakini nilifurahi kwamba mimi, mtu wa nchi ile, nimefika kwa mwana nikiwa mgeni aliyealikwa.

Eneo la Hartford lina historia nyingine. Novemba 1923 warushaji wawili wa ridhaa, Fred Schnell akiwa West Hartford na John Reinartz akiwa South Manchester, vitongoji viwili vya hapohapo, walizungumza kwa Morse na Léon Deloy aliyekuwa Nice, Ufaransa. Yalikuwa mazungumzo ya kwanza ya pande mbili ya redio ya ridhaa kuvuka Atlantiki. Walitumia mawimbi ya karibu mita 100, ambayo makampuni makubwa ya wakati ule yaliyadharau kuwa hayana faida. Huo ndio mchango wa watu wa ridhaa: wanajaribu pale ambapo anayetafuta faida hapaoni.

Jumamosi asubuhi tulipanda kwenye bustani ya mji, uwanja wa nyasi juu ya kilima chenye mialoni mirefu. Watu walikuwa wakishusha mahema, meza za kukunja, betri, jenereta, paneli za sola na marobota ya waya. Alikuwepo fundi wa simu mstaafu, muuguzi, dereva wa basi la shule, mwalimu wa fizikia, na msichana wa sekondari pamoja na mama yake, wote wawili wenye leseni.

Antena ya kwanza ilipandishwa kwa manati. Yule fundi mstaafu alifunga chubwi la kuvulia samaki kwenye uzi wa nailoni, akavuta mpira hadi shavuni, akalenga panda ya mwaloni. Chubwi likapita juu ya tawi likashuka upande wa pili. Akafunga kamba nyembamba kwenye uzi akaivuta, akafunga kamba nene kwenye ile nyembamba, na mwisho ukapanda waya wenyewe. Kwa masafa ya mita 40 waya huo una urefu wa mita 20 hivi, kumi kila upande, na kebo ya kutoka redioni huungwa katikati. Akapachika kifaa cha kupimia kinachoenea kiganjani, akasoma namba, akatikisa kichwa. Waya ulikuwa mrefu kidogo, na waya mrefu huitikia masafa ya chini kuliko yanayotakiwa. Wakaushusha, akakata upana wa vidole viwili kila ncha, wakaupandisha tena. Safari hii aliposoma namba alitabasamu, akanipa kamba niifunge kwenye mti. Redio inayouzwa kwa fedha nyingi ilikuwa ikingojea mezani waya wa shaba ambao mtu yeyote wa Kariakoo au River Road angeweza kuununua kwa mita.

Shughuli haikuanza hadi saa 8 mchana, kwa hiyo watoto walipewa mchezo wa kumsaka mbweha. Mbweha ni mtambo mdogo wa kurushia mawimbi, umefichwa kichakani, unatoa mlio kila baada ya muda. Mwindaji hushika antena ya mkono, anageuka huku na huku akisikiliza ni upande gani mlio una nguvu. Antena za watoto hao zilitengenezwa kwa mabomba ya plastiki ya maji na vipande vya chuma vya futi ya kupimia ya fundi seremala, vyepesi na vinavyokunjika bila kuvunjika vikigonga miti. Msichana wa miaka kumi hivi alifanya jambo lililonifundisha: alipokaribia na mlio ukawa mkubwa kila upande, aliishika redio kifuani, akaikinga kwa mwili wake, akazunguka polepole. Pale mlio ulipofifia, akajua kuwa mbweha yuko nyuma ya mgongo wake. Mchezo huu una mashindano ya dunia tangu 1980, yalipofanyika mara ya kwanza Poland, na huko wakimbiaji husaka mitambo mitano msituni wakiwa na ramani na dira. Maarifa hayohayo hutumika kutafuta chombo kinachotuma ishara ya dharura baharini.

Ilipotimia saa 8, uwanja mzima ukapaza sauti. Sheria ni nyepesi kuzieleza: unazungumza na vituo vingi iwezekanavyo, mkibadilishana alama za wito, daraja la kituo na eneo. Sisi tulikuwa “tatu A, Connecticut”, maana yake mitambo mitatu inayorusha kwa pamoja, klabu iliyo nje, umeme wa kujitegemea. Mazungumzo ya sauti yana pointi moja. Morse na mifumo ya digitali ina mbili. Kisha jumla huzidishwa: anayetumia hadi wati 100 huzidisha kwa mbili, na anayethubutu kutumia wati tano tu, nguvu ya taa ndogo ya sebuleni, kwa betri au jua, huzidisha kwa tano. Vituo vilivyojiandaa mapema huruhusiwa saa 24 mfululizo.

Kilichonivutia zaidi ni pointi za ziada, kwa kuwa zinaonyesha nia ya waliozitunga. Kuweka kituo mahali ambapo umma unafika: 100. Kutumia jua kwa baadhi ya mawasiliano: 100. Kuzungumza kupitia setilaiti: 100. Kutembelewa na kiongozi aliyechaguliwa na wananchi: 100. Kutembelewa na mtu wa idara ya maafa: 100 nyingine. Kunasa taarifa maalumu inayorushwa na W1AW: 100. Chama chenyewe husisitiza kwamba Field Day si mashindano, ingawa hesabu ya pointi inawekwa na matokeo yanachapishwa. Nilipotazama orodha hiyo nikaelewa. Pointi zimepangwa ili klabu ifanye, kwa furaha na bila kusukumwa, kila jambo ambalo italazimika kulifanya siku ya maafa.

Kulikuwa na meza ya wageni, kituo cha nne kinachoruhusiwa kwa ajili ya watu wasio na leseni, chini ya uangalizi wa mwenye leseni. Mama wa yule msichana alinivisha vipokea sauti, akaketi ubavuni mwangu. Mwanzoni nilisikia vurugu: sauti juu ya sauti, miluzi, mikwaruzo. Akanionyesha kitufe kikubwa cha kuzungusha. Ukikizungusha haraka husikii kitu. Ukikizungusha kwa nafasi, sauti iliyo kama ya bata hushuka hadi iwe sauti ya mtu. Nikampata mwanamume anayeita kutoka Texas, zaidi ya kilomita 2,000. Nikabonyeza, nikataja alama ya wito ya kituo chetu herufi kwa herufi, nikaachia. Kimya cha nusu sekunde, kisha alama yetu ikarudi kwangu kutoka kinywani mwake, pamoja na daraja lake na eneo lake. Nikampa letu, akashukuru, akaendelea na mwingine. Hapakuwa na mnara wa kampuni kati yetu, wala mtambo wa intaneti, wala bili. Wimbi lilitoka kwenye waya ulio juu ya mwaloni, likagonga tabaka la juu la anga lililochangamshwa na jua, likashuka Texas.

Jioni wingu jeusi lilijitokeza magharibi. Klabu ilikuwa na afisa wake wa usalama, yule muuguzi, na neno lake halikupingwa. Radi ya kwanza iliposikika mbali, kebo zote zilichomolewa redioni na kuwekwa chini mbali na meza, watu wakaingia garini. Tulikaa humo mvua ikipiga vioo, pointi zikipita, na hakuna aliyenung’unika. Ilipokwisha, muuguzi alingoja radi inyamaze kabisa ndipo akaruhusu. Jua la kule lilikuwa bado lipo saa 2 usiku, na nyasi ziling’aa tulipounga tena.

Usiku masafa hubadilika. Mchana mawimbi ya mita 20 na chini yake ndiyo yanayosafiri mbali, kwa kuwa tabaka la chini la anga lililochajiwa na jua humeza mawimbi marefu. Jua likizama tabaka hilo hutoweka, na mita 40 na 80 hufunguka. Hema la Morse ndilo lililonishika. Mwalimu wa fizikia alikuwa gizani karibu kabisa, kidole gumba na cha shahada vikigusa vibao viwili vidogo, macho yamefumbwa. Hakuandika nukta wala mistari. Alisikia maneno, akayachapa moja kwa moja kwenye kompyuta. Meza ya pili ilitumia FT8, mfumo wa digitali uliotolewa 2017 na Joe Taylor na Steve Franke. Taylor ni mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel 1993 kwa utafiti wa nyota, na mfumo wao hutuma ujumbe mfupi kwa zamu za sekunde 15, ukisomeka hata pale ambapo sikio la binadamu halisikii chochote.

Wakati wa kahawa yule fundi mstaafu aliposikia ninakotoka alikwenda garini akaleta albamu. Watu hawa hutumiana kadi za posta kuthibitisha mazungumzo. Zake zilikuwa zimepangwa kwa nchi. Alifunua ukurasa wa kwetu: 5H ya Tanzania, 5Z ya Kenya, 5X ya Uganda, na kadi za zamani kabisa alizorithi kwa mwalimu wake zenye VQ3 ya Tanganyika na VQ1 ya Zanzibar, ambayo hadi 1974 ilihesabiwa peke yake katika orodha yao ya nchi. Akanieleza kuhusu CQ World Wide, shindano kubwa lililoanza 1948: sauti mwishoni mwa Oktoba, Morse mwishoni mwa Novemba, saa 48 kila moja. Dunia imegawanywa katika kanda 40, na kila kanda mpya na nchi mpya huongeza kizidisho. Kanda ya 37 ni ya Tanzania, Kenya na majirani zao. Kituo kimoja kikijitokeza huko, alisema, maelfu ya watu hukiita kwa pamoja, kwa sababu huenda kisisikike kingine wikendi yote.

Kauli hiyo ilinifurahisha na kuniuma. Kuna wenye kulipeleka jambo hili mbali: kwenye mashindano ya timu bora za dunia ya 2018, wawili wawili waliketi mahemani kwenye mashamba karibu na Wittenberg, Ujerumani, wote na antena za aina moja, ili ushindi uwe wa ujuzi na si wa fedha. Wakashinda Walithuania, watu wa nchi isiyo kubwa. Sisi tunatafutwa kwa uchache wetu. Mara nyingi anayerusha kutoka visiwa vyetu ni mgeni aliyekuja na mtambo mkobani, akakaa wiki moja, akaondoka nao.

Jumapili saa 8 mchana kalamu ziliwekwa chini. Hakuna aliyekimbilia hesabu. Walishusha nyaya, wakazikunja kwa mpangilio, wakaokota hata vipande vya uzi. Msichana wa sekondari, aliyekesha, alilala kwenye kiti huku mama yake akifunga redio. Nikamuuliza mwalimu wa fizikia kwa nini mtu ajitese hivi. Akanijibu kwa Puerto Rico. Septemba 2017 Kimbunga Maria kilikizimia kisiwa kile umeme na simu. Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani liliomba watu wa redio, na chama kikatuma warushaji 22 wa kujitolea. Walikwenda na redio na waya, wakafanya kazi waliyokuwa wameizoea katika wikendi kama hizi: kufunga antena mtini, kuendesha kwa betri, kupokeza ujumbe bila kukosea herufi. Hakuna aliyejifunzia Puerto Rico. Walifika wakiwa wanajua.

Hilo ndilo nililorudi nalo, na nalisema kwa kumaanisha. Ukanda wetu una mafuriko ya masika, maporomoko ya milima, vimbunga vinavyonusa pwani ya kusini, na boti zinazovuka usiku. Mnara wa simu ukianguka, wilaya nzima hunyamaza. Tunao mafundi redio, wanafunzi wa uhandisi, skauti na wanafunzi wa sekondari wenye akili na muda. Leseni ya ridhaa Tanzania inatolewa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano ya huko, na Kenya ina chama chake cha kitaifa. Shule moja, mtu mmoja mwenye leseni, redio moja, betri ya gari na mita 20 za waya vinatosha kuanzisha kituo kitakachosikika ng’ambo ya bahari.

Anayetaka kuonja kabla hajaamua, atafute redio ya mawimbi mafupi yenye uwezo wa SSB, yaani kupokea sauti za namna wanayoirusha watu hawa, atupie waya mtini, na wikendi kamili ya mwisho ya Oktoba asikilize juu ya megahezi 14.150 kuanzia alasiri. Azungushe kitufe kwa nafasi. Akikuta rundo la sauti zinazogombea kituo kimoja, asikilize kinavyojibu; na ikiwa kinaanza na 5H au 5Z, ajue kuwa dunia nzima imepanga foleni mlangoni kwetu, na kwamba hapo penye kiti kimoja panaweza kuwekwa viti vingi.